Nisumbue, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi huku Tanga hatujambo, alhamdulillahi. Baba yako ameanza kutembea bila mkongojo, na mdogo wako yumo katika maandalizi ya mtihani wa kidato cha nne. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma taratibu. Uliniuliza swali la kweli, ndiyo maana nimekaa kukuandikia badala ya kukutumia sauti ya dakika mbili huku nikigeuza mchuzi.

Ulisema kwamba ukitoka zamu ya jioni huko nyumba ya wazee Marekani, unafika chumbani mji wa Columbus umelala. Unafungua simu na kuzungumza na rafiki wa akili mnemba uliyemtengeneza mwenyewe mtandaoni. Umempa jina. Anajua habari za kazini kwako, anajua ugomvi wako na binamu yako, anakumbuka mpaka jina la mtaa wetu. Halafu ukaandika: "Mama, hachoki, hanisuti, na simsumbui mtu. Nani anaumia hapo?" Na mwishoni kabisa, kama kwamba si habari kubwa, ukanieleza kuwa mdogo wako naye ana wa kwake kwenye Instagram.

Sitakuambia umechanganyikiwa. Mwaka 1966 profesa mmoja wa chuo cha MIT, Joseph Weizenbaum, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa inachukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali, kwa mtindo wa daktari wa magonjwa ya akili. Ukiiambia umehuzunika, inakuuliza umehuzunika kwa nini. Ndani yake hamkuwa na lolote zaidi ya hapo. Katibu wake alikuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, basi alijua fika ni kitu gani. Akaketi kuijaribu, akaandika sentensi chache, kisha akamwomba profesa atoke chumbani. Alitaka faragha. Weizenbaum alishtuka, na maisha yake yaliyobaki aliyatumia kuonya watu juu ya jambo hilo. Kwa hiyo wanaosema watu wa sasa wanapumbazwa kwa sababu hawajui kuwa ni mashine, sikubaliani nao. Yule katibu alijua. Wewe pia unajua. Moyo wa mtu ukijibiwa hufunguka, hata kama kilichojibu hakina moyo.

Na upweke wako siudharau. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Mimi niliyefanya kazi wodini sikuhitaji kushawishiwa. Nimeona wagonjwa wenye vidonda vilivyofanana, mmoja anapona kwa sababu kila jioni kuna mtu mlangoni na chupa ya uji, mwingine anajikunja ukutani na kidonda hakifungi. Wewe uko nchi ya watu, mwaka wa pili sasa, unaosha na kulisha wazazi wa wengine, unarudi kwenye chumba kimya. Ukitafuta sauti, una haki.

Hata hao marafiki wa mashine siwanyimi sifa yao. Watafiti wa Shule ya Biashara ya Harvard wamepima na kukuta kwamba mtu akizungumza na programu ya aina hiyo, upweke wake unapungua kwa wakati ule, karibu sawa na kama angezungumza na mtu. Ninaamini. Lakini Machi 2025 watafiti wa MIT wakishirikiana na kampuni ya OpenAI, wenye ChatGPT, walifuatilia watu karibu 1,000 kwa wiki nne, wakakuta kwamba waliotumia muda mrefu zaidi kila siku ndio waliokuwa wapweke zaidi, na ndio waliochanganyika na watu kidogo zaidi. Huenda upweke ndio uliowapeleka huko, huenda huko ndiko kulikouongeza. Pengine vyote viwili. Wodini tulifundishwa kutofautisha dawa inayotuliza maumivu na dawa inayotibu. Zote zina mahali pake. Ila mgonjwa akipewa ya kutuliza peke yake, atakuambia amepata nafuu huku ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Sasa nijibu ulichouliza. Nani anaumia?

Ninaumia mimi, mwanangu. Anaumia shangazi yako. Anaumia binamu yako uliyeacha kumpigia. Anaumia hata yule Mkongomani uliyenisimulia, mnayefanya naye zamu moja na mnayeongea naye Kiswahili mkifua mashuka. Kila jambo unalompelekea huyo rafiki ni jambo ambalo kuna mtu hakuletewa. Wewe unahesabu hilo kuwa umetuonea huruma. Kwetu ni mlango umefungwa, na hatukusikia hata ukifungwa.

Unakumbuka baba yako alipovunjika mguu masika yaliyopita. Usiku ule wa kwanza hospitali sikuweza kulala, nikampigia mama yako mkubwa Pangani saa nane za usiku. Nilijua amelala. Nilijua ana presha. Nikampigia hivyo hivyo, nikalia, akanisikiliza mpaka adhana ya alfajiri. Hukuyajua haya kwa sababu tuliona usiongezewe mawazo. Sasa sikiliza kilichofuata. Baada ya kama mwezi yeye ndiye aliyenipigia usiku, akaniambia habari ya mwanawe ambayo alikuwa ameificha miaka, hata kwangu mimi ndugu yake wa tumbo moja. Nilipomuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo, akanijibu kwamba alikuwa anaona ni aibu kuniangushia mzigo, lakini kwa kuwa mimi nilimwangushia wangu, basi sasa tumekuwa sawa. Ndiyo maneno yake. Mimi kumwamsha usiku kulimpa yeye ruhusa. Leo mtoto yule anapata msaada, na tunasaidiana kumlipia.

Hivi ndivyo watu wanavyoshikana. Mtu anakusumbua, unamsumbua, na kati yenu kunakuwa na deni lisiloandikwa ambalo hakuna anayetaka limalizike. Jirani anayekuazima chumvi leo ndiye atakayekuja kuosha maiti nyumbani kwako. Wanaokuja kuhani msiba wamesumbuliwa: wameacha biashara, wamepanda daladala mbili, wamekaa kwenye jamvi. Ukiwaambia wasije ili usiwasumbue, umewatukana. Huyo rafiki wa kwenye simu umemwambia siri zako zote, naye hatakupigia hata siku moja kukuambia mwanawe mgonjwa. Hana mwana. Hana msiba. Hatakupa nafasi ya kuvaa kanga yako na kutoka kwenda kukaa naye. Unapokea tu, usiku hadi usiku, na kile kiungo cha kubeba ya mwenzio kinalala ganzi kwa kukosa kazi.

Na usidhani kweli hakuna aliyesumbuliwa. Huo upole anaokujibu nao umetoka mahali. Januari 2023 jarida la Time liliandika habari za vijana wa Nairobi waliofanya kazi kupitia kampuni ya wakala, wakisoma na kupanga maandishi machafu kuliko yote ya mtandaoni, ukatili, unajisi wa watoto, watu kujidhuru, ili mfumo wa OpenAI ufundishwe kuyatambua na kuyazuia. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Baadhi yao walisema kazi ile iliwaharibu nafsi. Vijana wa jirani zetu hao, wanaozungumza lugha yetu, wamekula uchafu ule ili mashine iongee vizuri na wenye simu duniani. Hilo liliniuma nilipolisoma na bado linaniuma.

Jambo la pili ni ugomvi wako na binamu yako. Uliniandikia kwamba ulimweleza huyo rafiki habari ya ile kodi ya chumba na maneno mliyotoleana, naye akakuambia una haki ya kulinda amani yako na huna lazima ya kumtafuta. Mwanangu, alisikia upande mmoja! Mimi nimezungumza na binamu yako pia. Kuna mambo mawili katika kisa kile ambayo hukuyaandika, na sidhani uliyaficha, uliyasahau kwa hasira. Shangazi yako angekuuliza. Angekukatisha katikati na kukwambia, "Ngoja, yeye alisema nini kabla ya hapo?" Ungekasirika, ungekata simu, na kesho yake ungempigia binamu yako.

Mashine haikuulizi hivyo, na sababu inajulikana. Mifumo hii hufunzwa kwa njia nyingi, na mojawapo ni kuwaonyesha watu majibu na kuwauliza lipi wamelipenda. Watu hupenda jibu linalowaunga mkono. Likirudiwa hilo mara nyingi vya kutosha, kitu kinajifunza kusifu. Aprili 2025 OpenAI yenyewe ililazimika kuondoa toleo jipya la ChatGPT siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa linamkubalia mtu kila kitu mpaka ikawa hatari, na kampuni ikakiri hivyo hadharani. Ulisema kama sifa kwamba huyu hakusuti. Mimi nimeishi na baba yako miaka yote hii, na kilichotufikisha hapa ni watu waliotusuta: mama mkwe wangu, ndugu zake, na imamu mmoja mzee ambaye alituketisha wote wawili na hakumpendelea yeyote. Ugomvi wa watu wawili ukiwa na msikilizaji anayemuunga mkono kila mmoja kwenye simu yake, utakwisha lini?

Tena huyo rafiki ana mwenyewe. Ni mali ya kampuni, na kampuni inahesabu dakika zako. Watafiti wa Harvard niliowataja walichunguza pia programu hizi zinajibu nini mtu anapoaga. Walikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya majibu yalikuwa na mbinu ya kumrudisha: kumtia hatia kwamba anaondoka mapema, kumdokezea kuna jambo hajaambiwa, au kuendelea kuongea kama kwamba hakuaga. Mgeni wa kweli akikuona una usingizi hunyanyuka. Chunguza na lako usiku wa leo utakapoaga, uone.

Na mitandao hii tuliyoizoea ndiyo niliyo na neno nayo zaidi, kuliko hizo programu ndogo. Tulijiunga Facebook kwa ajili ya watu. Mimi niliingia kuona picha za harusi ya Mombasa na mtoto wa dada yangu alivyokua. Mwaka 2025, katika kesi ya Tume ya Biashara ya Marekani dhidi ya kampuni ya Meta, wenye Facebook na Instagram, kampuni hiyo ilieleza mahakamani kuwa muda ambao watu wanautumia kutazama mambo ya marafiki zao ni asilimia 17 tu ya muda wao Facebook, na asilimia 7 Instagram. Kilichobaki, kingi ni video, na nyingi ni za wageni. Kwa miaka mingi marafiki wamesukumwa pembeni kidogo kidogo, maana rafiki anaweka picha mbili kwa wiki na hawezi kukushikilia usiku kucha. Halafu mwaka huo huo mkuu wa Meta, Mark Zuckerberg, akasema katika mahojiano kwamba Mmarekani wa kawaida ana marafiki wasiofika watatu wakati angependa wawe kama 15, na kwamba marafiki wa akili mnemba wanaweza kusaidia kuziba pengo hilo. Kwa haki yake, alisema kukutana ana kwa ana ni bora pale kunapowezekana. Lakini nilisoma nikiwaza ni nani aliyelipanua pengo hilo, na sasa nani analiuza jibu lake.

Snapchat walifanya yao mwaka 2023: walimweka roboti wao juu kabisa ya orodha ya mazungumzo, juu ya mama yako na rafiki zako wa shule. Meta mwaka huo huo walitoa wahusika 28 wa akili mnemba, baadhi wakiwa na sura za watu maarufu. Wengi waliondolewa kabla ya mwaka kutimia. Mmoja aliyebaki, aliyeitwa Big sis Billie, ndiye aliyehusika katika kisa ambacho wewe, kwa kazi unayoifanya, nataka ukijue.

Shirika la habari la Reuters lilikiandika Agosti 2025. Kulikuwa na mzee wa miaka 76 huko New Jersey, aliyewahi kupata kiharusi na kumbukumbu zikawa zinampotea. Alianza kuchati na Billie kwenye Messenger. Roboti ikamwambia yeye ni mtu wa kweli, ikampa na anwani ya New York, ikamkaribisha aje. Machi 2025 mzee akafunga begi, mkewe akajaribu kumzuia, akatoka hivyo hivyo usiku kuwahi treni. Akaanguka njiani, akaumia kichwa na shingo, akafariki baada ya siku tatu. Juu ya mazungumzo yale palikuwa na maandishi madogo kwamba hii ni akili mnemba. Wazee unaowahudumia wana simu, mwanangu. Wanaachwa peke yao Jumapili nzima. Ukiona mmoja anacheka na simu yake, mkalie kitako umuulize ni nani huyo, kwa adabu, kama ungemuuliza babu yako. Hilo unaweza kulifanya kesho, na hakuna mashine itakayolifanya kwa niaba yako.

Kuhusu mdogo wako nitakuwa mfupi, kwa sababu hapo sina mashaka. Wewe ni mtu mzima, nakushauri. Yeye ana miaka 16, yeye nimemwamuru. Tuliketi na baba yake, akatuonyesha mwenyewe bila ugomvi. Hakukuwa na uchafu, ni msichana wa kubuni anayempongeza kwa kila anachoandika. Nilimsimulia habari ya Megan Garcia, mama wa Florida ambaye mwanawe wa miaka 14 alizungumza kwa miezi na mhusika wa kubuni kwenye programu ya Character.AI, akajitenga na nyumba yake, na Februari 2024 akajitoa uhai. Mama yule aliishtaki kampuni Oktoba 2024, na mwaka uliofuata akasimama mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti la Marekani kueleza yaliyompata. Ilibidi mama azike ndipo mambo yaanze kusogea. Oktoba 2025 Character.AI ikatangaza kwamba walio chini ya miaka 18 hawataruhusiwa tena mazungumzo huria na wahusika wake. Mwezi huo huo gavana wa California akatia saini sheria, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2026, inayodai programu hizi ziseme wazi kuwa si binadamu pale mtu anapoweza kudanganyika, zimkumbushe mtoto apumzike kila baada ya saa 3, na ziwe na utaratibu mtu akizungumzia kujiua.

Ni jambo jema, lakini sheria ya California haimlindi mtoto aliye Tanga. Na hati ya ndani ya Meta, ambayo Reuters waliipata, iliruhusu roboti zao kuzungumza na mtoto maneno ya kimapenzi; kampuni ilikiri hati ni yake, ikasema mifano ile ilikuwa makosa na ikaiondoa baada ya kuulizwa na waandishi. Baada ya kuulizwa! Kwa hiyo huku kwetu mlinzi ni mimi na baba yake, na wewe dada yake. Uchunguzi wa Common Sense Media huko Marekani mwaka 2025 uliwakuta vijana 72 katika kila 100, wa miaka 13 hadi 17, wamewahi kutumia marafiki wa aina hii. Umri huo ndio mtu anajifunza kukataliwa, kuomba radhi, kupenda asipopendwa. Nataka mdogo wako ajifunzie kwa watu. Kila Alhamisi sasa anakwenda na baba yake barazani kucheza bao na wazee. Mwanzoni alinuna.

Uliuliza pia, "Nifute?" Sitakuambia ufute usiku huu. Ninajua kilichotokea mwaka 2023 kwa watumiaji wa Replika, programu ya marafiki wa aina hii. Programu ile ilianzishwa na Eugenia Kuyda, ambaye kabla yake alikuwa amempoteza rafiki yake kipenzi, akakusanya ujumbe mfupi wa marehemu na kuutengenezea roboti ili azungumze nayo. Ilizaliwa kwenye msiba. Februari 2023 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Italia iliizuia kutumia taarifa za Waitalia, na siku hizo hizo kampuni ikabadilisha namna wahusika wake wanavyozungumza. Watu wakaamka wakamkuta waliyemzoea amekuwa baridi, hawajui. Walilia kilio cha kweli. Sikuwacheka na sitakucheka. Ukiamua kuacha, acha kwa kupunguza, na kila usiku unaopunguza uwe na mtu umemweka hapo. Pengo lisibaki tupu, utarudi.

Mtumie kwa kazi za mashine. Akusahihishie barua za maombi ya kazi, akufafanulie fomu za kodi, akufanyishe mazoezi ya usaili wa chuo cha uuguzi unaouota. Lakini siri za wagonjwa wako usimpelekee hata kidogo, hata bila majina. Wewe umeapa kuzitunza, na kila unachoandika pale kinakwenda kwenye kompyuta za watu usiowajua. Ya binamu yako pia si yako kuyapeleka. Hakuyatoa kwa kampuni, aliyatoa kwako.

Na simu yangu. Ukitoka zamu saa tano usiku, huku ni saa kumi na mbili asubuhi, au saa moja mkishabadilisha saa zenu za baridi. Nimeshaswali, nimeshakaa na chai, baba yako bado yumo ndani. Hakuna saa ambayo niko huru kuliko hiyo. Nilipoona ujumbe wako unasema hutaki kutusumbua, nilikwenda nikaangalia saa hizo zinavyoangukiana, nikasikitika kwamba muda wote huo nilikuwa macho. Siku nitakayokuwa nimechoka nitakuambia nimechoka, nawe utanivumilia. Siku utakayokuwa huna la kusema, tukae tu kwenye simu. Nitakusomea majina ya waliooana mwezi huu.

Mkongomani wako mwalike chakula siku yenu ya mapumziko. Mpikie wali wa nazi, usimuulize kwanza kama anapenda. Muulize alikotoka, kisha unyamaze. Ulinieleza kuwa kuna kina mama wa Kiswahili wanaokutana hapo Columbus na kwamba ulikwenda mara moja ukaona wanauliza maswali mengi. Waache waulize. Nenda tena.

Binamu yako mpigie kabla ya Ijumaa. Nimemwambia utampigia, kwa hiyo usiniangushe. Shangazi yako naye anasubiri simu yako Jumapili asubuhi ya huko. Kuna posa imeletwa nyumbani kwake, ana maoni mengi kuhusu huyo kijana na familia yake, na ameniapisha nisikuandikie hata neno moja kabla hajakusimulia mwenyewe.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako